Kuku Aliyetagia kwa Jirani

Mwezi wa saba Igowole, mtu akija barabarani unasikia kikohozi chake kabla hujamwona. Ukungu unashuka kutoka upande wa mashamba ya chai, unalala juu ya mabati, na hadi saa nne asubuhi malori ya mbao yanapita yamewasha taa. Asubuhi ya Jumatano moja, Julai 2014, nilifungua studio yangu vidole vikiwa vimekufa ganzi, nikawasha kompyuta, nikasogeza jiko la mkaa mlangoni, nikakaa kusubiri. Nje kwenye benchi walikuwa wameshafika watu wanne: wasichana wawili wenye fomu za shule, kijana mmoja aliyekuwa anaomba kazi, na mzee aliyevaa koti refu la mtumba lililomfika magotini.

Nikafungua picha ya msichana wa kwanza. Nikaikata, nikaweka rangi ya bluu nyuma ya kichwa, kisha nikaenda kwenye menyu kukiita kile kiboksi cha kuandikia ukubwa wa picha. Nikabofya. Hakikuja. Nikabofya tena. Safari hii hata menyu haikufunguka. Programu nzima ilikuwa imekauka: kipanya kinatembea, mshale unaonekana, lakini kila ninachokigusa hakiguswi. Nikaiua programu kwa nguvu, nikaifungua upya, nikarudia hatua zile zile, ikakauka pale pale.

Jina la programu yenyewe nitaliacha, maana mwisho wa habari hii utaona kwamba haikuwa na kosa lolote.

Kile kiboksi wapo wanaokiita kisanduku cha mazungumzo, na ukifikiri, ndiyo kazi yake hasa: mashine inakuuliza, wewe unaijibu. Unataka upana gani? Urefu gani? Nukta ngapi? Sisi wa studio tulisema tu kiboksi. Kwangu jibu lilikuwa moja kila siku ya Mungu: sentimita 3.5 kwa 4.5, nukta 300 kwa kila inchi, yaani nukta 413 kwa 531. Picha nane za ukubwa huo zinaenea kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6, nne juu na nne chini, na hapo ndipo unga wa watoto wangu ulipotoka. Karatasi yenyewe nilikuwa naiagiza Dar es Salaam. Mwisho wa barabara yetu, kule Mgololo, kuna kiwanda kizima cha karatasi, lakini ni karatasi za kaki, za mifuko. Picha haishiki humo.

Bila kiboksi hakuna ukubwa, bila ukubwa hakuna pasipoti. Nikawatokea wale wa benchi nikawaambia mashine ina hitilafu kidogo, wasubiri. Neno hilo “kidogo” nimelitumia maishani mara nyingi kuliko nilivyostahili.

Nikasema labda faili la yule msichana ndilo bovu. Nijaribu la mtu mwingine. Nikafungua la mzee.

Picha ya mzee ilikuwa ya karatasi, nilikuwa nimeiskani jana yake. Watu wamesimama mbele ya kanisa, labda kipaimara, labda harusi, rangi imekwishaelekea njano. Upande wote wa kulia ulikuwa umeliwa na mchwa. Aliyetakiwa alikuwa mama mmoja aliyesimama karibu na lile tundu la mchwa, kitambaa kichwani, anatazama kamera kama anayeidai. Ni marehemu mke wangu, aliniambia mzee siku aliyoileta, nataka yeye peke yake, awe mkubwa. Nikaitikia. Kazi niliijua. Nilimkata pembeni, nikafuta madoa, nikaziba mikunjo, na mwisho nikabaki na mkono. Mkono wa mtu ulikuwa umeshika bega la yule mama, umekatikia kwenye kifundo pale mchwa walipoanzia. Mkono usio na mwenyewe. Nikaanza kuufuta.

Kazi ya kufuta mkono ndiyo iliyokuwa inanipa sifa Igowole nzima hadi Nzivi. Unachukua kipande cha kitambaa cha nguo kutoka upande mwingine, unakipandikiza juu ya kidole kimoja kimoja, unafuata mistari ya kanga isipinde, unalainisha. Ukimaliza hakuna atakayejua palikuwa na kitu. Watu hudhani mambo haya yamekuja na kompyuta. Pale Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alikuwa na studio ambamo alikata na kubandika picha kwa mkasi na kwa ujanja wa chumba cha giza, akamtoa mtu mahali alipokuwa na kumweka pengine kabisa, ndani ya ua au ndani ya redio. Hakusoma kwa mtu. Na hata hizi programu zetu zilianzia kwenye picha ya mtu anayependwa. Ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, walianza kuitengeneza Photoshop mwaka 1987, toleo la kwanza likauzwa Februari 1990; picha waliyoitumia kuwaonyesha watu maajabu yake John alikuwa ameipiga mwenyewe ufukweni Bora Bora: mwanamke amekaa mchangani, ametupa mgongo, anatazama bahari. Jina lake Jennifer, na baadaye akawa mke wa mpiga picha. Mbele ya hadhira walimnakili, wakamfanya wawili, watu wakapiga makofi.

Mimi sikuwa na hadhira ila jiko la mkaa. Karibu saa nzima niliufuta ule mkono, nikaridhika, nikaita kiboksi. Mashine ikakauka. Nikaiua programu, na kazi yote ikaenda na maji, kwa kuwa sikuwa nimehifadhi. Nilipoifungua tena, mkono ulikuwa begani pale pale kana kwamba haujawahi kuondoka.

Kilichofuata ni yale ambayo kila mtu mwenye kompyuta amewahi kuyafanya na asingependa yaandikwe. Nilizima mashine nikaiwasha. Nilizima, nikahesabu hadi sitini, nikaiwasha. Nilitafuta virusi, nikawapata kumi na kitu, nikawaua kwa furaha kubwa. Hawakuwa na hatia. Niliing’oa programu, nikaipakia upya kutoka kwenye sidii, dakika arobaini, nikaita kiboksi, wapi. Katika kubofyabofya nikagusa kitufe cha Tab, na mara visanduku vyote vya vifaa, brashi, rangi, tabaka, vikatoweka kwenye skrini. Sasa nilikuwa na maradhi mawili. Nilikuja kujua baadaye kwamba Tab kazi yake ndiyo hiyo, kuficha vifaa ili uione picha vizuri, na ukiibonyeza tena vinarudi. Siku ile nilijua tu kwamba mashine inaendelea kupukutika mbele ya macho yangu kama mti uliopigwa na radi.

Mchana nikampigia fundi mmoja wa kompyuta mjini Mafinga. Hakuniuliza swali hata moja. “Hiyo piga windo upya,” akasema, akataja bei, akaniambia nimletee mashine. Kupiga windo upya maana yake ni kufyeka kila kitu na kuanza upya, na ndani ya ile mashine nilikuwa na picha za wateja za miaka minne. Nikamwambia nitafikiria. Kijana wa kuomba kazi akaondoka. Wale wasichana wakasema watarudi kesho. Mzee akakaa hadi jua la saa kumi lilipotoboa ukungu, akasimama, akanipungia mkono, akashika njia. Kijijini kwake ni mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Alhamisi alikuwa wa kwanza kufika.

Siku hiyo hiyo jirani yangu, fundi redio, aliniletea spika zangu. Zilikuwa kwake tangu Pasaka, na alikuwa ameona haya kuzirudisha bila kitu cha kusingizia. Akaingia akizibeba kama mtoto, akazichomeka mwenyewe nyuma ya kompyuta, akasema jaribu. Sikuwa na hamu ya muziki. Nilikuwa nimeshaita kiboksi kwa mara ya hamsini na mashine imekauka, nikabofya kwa hasira.

Ting!

“Inafanya kazi,” akasema fundi redio, akimaanisha spika.

Nikabofya tena. Ting! Nikabofya pengine. Ting! Kila mahali nilipogusa ndani ya programu, ting, ting, ting, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko.

Yule bwana alikuwa hajui hata kuwasha kompyuta. Lakini alikuwa ametumia miaka ishirini kutafuta uhai ndani ya redio zilizokufa, na sikio lake lilikuwa na adabu yake. Akavuta kigoda akakaa. “Inalia ukifanya nini?” akaniuliza. Nikamwambia inalia nikibofya. “Ukibofya wapi? Nionyeshe.” Nikamwonyesha. “Sasa anza mwanzo kabisa. Hapa inalia?” Nikaiua programu, nikaifungua upya, nikafungua picha. Nikabofya. Kimya. Nikashika brashi. Kimya. “Endelea.” Nikaenda kwenye menyu, nikaita kiboksi, hakikuja. “Sasa bofya.” Ting!

Tukarudia mara tatu. Kabla ya kuita kiboksi, kimya; baada ya kukiita, inalia. Fundi redio akajikuna kidevu.

“Mnyalukolo, hii mashine haijafa,” akasema. “Kitu kilichokufa hakilii. Hii inakukataza. Inasema kwanza nijibu.”

Nijibu nini? Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchemka. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo zamani, kabla spika hazijaharibika: ukiwa umefungua kiboksi na ukajaribu kugusa kitu kingine nje yake, mashine inapiga ting, kukuambia malizana kwanza na kiboksi. Ni kama mgeni aliyepiga hodi. Hutaendelea na shughuli zako za ndani kana kwamba hakuna mtu mlangoni. Mkaribishe au mwambie mwenyeji hayupo. Basi ikiwa mashine inapiga ting, mgeni yupo. Kiboksi kimefunguka. Kiko wazi muda wote huu, tangu jana asubuhi, kinasubiri jibu langu, ila mimi sikioni.

Nikabonyeza kitufe cha kughairi, Escape. Nikabofya. Kimya! Menyu zikafunguka, brashi ikashika. Sikuamini. Nikaita kiboksi tena, nikabonyeza Escape tena, na tena mashine ikafunguka. Fundi redio akatabasamu kama mtu aliyempokea mtoto mchanga.

Tukafanya jambo ambalo hadi leo nikilisimulia watu hudhani naongeza chumvi. Niliijua ile fomu kwa kichwa. Nikakiita kile kiboksi kisichoonekana, nikaandika 3.5, nikabonyeza Tab, nikaandika 4.5, Enter. Picha ya msichana ikasinyaa mbele ya macho yetu ikawa pasipoti. Nilikuwa najaza fomu gizani na karani anaipokea! Mchana ule nilitoa picha za wateja saba kwa njia hiyo. Mara moja tu nilipoteza hesabu ya Tab, msichana akatoka mrefu na mwembamba kama mwanzi wa ulanzi, na alicheka hadi machozi akaomba apewe na ile moja ya kumwonyesha mama yake.

Ya mzee sikuithubutu. Ilihitaji vipimo ambavyo sikuwa navyo kichwani, na mkono ulikuwa bado haujafutwa. Nikamwambia, mzee, kesho. Akasema, haya mwanangu, kesho.

Usiku nikampigia mpwa wangu aliyekuwa anasoma Mbeya. Hajui kupiga picha hata ya ng’ombe aliyelala, lakini kompyuta zilikuwa mdomoni mwake kama ugali.

“Mjomba, shikamoo. Umebadilisha nini?”

“Marahaba. Sijabadilisha chochote.”

“Fikiri vizuri. Umeweka programu mpya? Umegusa mipangilio?”

“Sijagusa kitu. Jumanne nimefanya kazi vizuri, nimefunga, Jumatano nimekuta hivi.”

“Mjomba, haiwezekani iwe hakuna kilichobadilika.”

Nikaapa. Nikakasirika kidogo, kama wanavyokasirika wateja wangu nikiwaambia flashi yao imeingia maji. Akanyamaza. Nikasikia mtu mwingine huko kwake anazungumzia mpira, maana nchi nzima juma lile ilikuwa inazungumzia mpira: Brazil walikuwa wamefungwa saba kwa moja na Ujerumani, nyumbani kwao, nusu fainali.

“Umeiona ile mechi, mjomba?”

“Niliiona kwa shemeji yangu, bandani kwake. Televisheni yake ilikuwa imeungua, akaja Jumanne jioni kuchukua ile skrini bapa…”

Nikasikia mwenyewe nilichokisema.

“Mjomba,” mpwa wangu akasema taratibu, “ile skrini nyingine iko wapi?”

Ile skrini alikuwa ameifunga yeye mwenyewe likizo ya Krismasi. Nilikuwa na skrini ya zamani, ile nene yenye kisogo, na shemeji akaniazima bapa ya mtumba. Mpwa akaziunganisha zote mbili, ya pili mkono wa kulia, inaelekea kwa mteja ili aione picha yake wakati naihariri. Wateja waliipenda. Nami nilizoea kuvisogeza viboksi huko kulia visizibe picha niliyokuwa naifanyia kazi. Jumanne shemeji alipokuja kuichomoa, nilimsaidia kuibeba. Nilimshikia taa! Brazil walifungwa yale mabao saba juu ya kioo changu, saa tano usiku, mimi nimekaa safu ya mbele na kashata. Na bado nikaapa kwamba sijabadilisha chochote.

Sikuwa nadanganya. Akilini mwangu kompyuta ilikuwa ni kile kisanduku cha chini ya meza. Skrini ya shemeji niliihesabu na benchi na pazia.

Mpwa akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayowapa watu hadi leo, ila kuku ni wa kwangu. Mashine haioni skrini kama tunavyoiona sisi. Kwake ni namba tu: kona ya juu kushoto ni sifuri, unahesabu nukta kwenda kulia, na skrini yangu ya kwanza ilikuwa inaishia nukta 1,024. Ya pili inaanzia hapo hapo, inaendelea. Kiboksi changu kilikuwa kimezoea kukaa huko mbele, nukta elfu moja na mia kadhaa. Programu inakumbuka mahali ulipokiacha mara ya mwisho na kukirudisha hapo, ni hisani yake. Na Windows XP niliyokuwa naitumia, ambayo walioitengeneza walikuwa wameacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili mwaka huo huo, ukichomoa waya wa skrini ya namna ile haishtuki. Inaendelea kuamini kwamba uwanja upo. Kuku wako alikuwa anatagia kwa jirani, jirani kahama, kabomoa na banda, kuku hajaambiwa. Kila asubuhi anakwenda anataga pale pale, nawe unazunguka uani kwako ukisema kuku huyu ameacha kutaga, tumchinje.

Kuing’oa programu na kuipakia upya hakukusaidia kwa sababu ile kumbukumbu ya mahali haikai ndani ya programu. Inakaa kwenye kabrasha la mtumiaji, na huachwa makusudi ili ukirudi ukute mambo yako ulivyoyapanga. Programu nyingi zina njia ya kuifuta bila kung’oa chochote. Photoshop kwa mfano, ukishikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja wakati inafunguka, inakuuliza kama ufute mipangilio yako yote. Lakini mpwa hakutaka nifute kitu. Akaniambia niandike. Niliandika kwa kalamu kwenye kiganja: ita kiboksi, Alt na nafasi, M, mshale wa kushoto, usiuachie.

Ijumaa nilifika kabla ya benchi. Nikafungua picha ya mzee, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa na deni nayo. Nikaita kiboksi. Alt na nafasi, menyu ndogo isiyoonekana ikafunguka huko iliko. M, maana yake nataka kukihamisha. Nikaukandamiza mshale wa kushoto, nikasubiri, ukungu nje ukiwa mzito kama maziwa. Sekunde mbili, tatu, hakuna kitu. Halafu ukingoni mwa skrini, upande wa kulia, pakatokea mstari mwembamba wa kijivu. Mstari ukawa ukuta. Ukuta ukawa na maandishi. Kikaja chote polepole, na namba zake na vitufe vyake, kama mtu uliyekuwa unasikia kikohozi chake tu. Nikasimama na kukaa tena. Fundi redio alikuwa amefika mlangoni, akapiga makofi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuitwa mambo yanapopotea. Hivi karibuni mwalimu mmoja aliniletea laptopu: akitaka kuhifadhi waraka, inaganda. Ameshaambiwa apige windo. Nikafumba mdomo nisimuulize umebadilisha nini, kwa kuwa jibu nalijua, ndilo nililolitoa mimi. Nikamuuliza mara ya mwisho aliitumia wapi ikafanya kazi. Akasema kwenye semina, walikuwa wanaonyesha ukutani kwa projekta. Nikaguna. Kwenye mashine za siku hizi ni rahisi zaidi, kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale, na dirisha linaruka kutoka skrini moja kwenda nyingine. Viboksi vyake vitatu vilikuwa vinaning’inia hewani mahali ulipokuwa ukuta wa ukumbi wa semina, mwezi mzima.

Si mara zote kuku yuko kwa jirani. Wakati mwingine mtu amejinyamazishia kiboksi mwenyewe. Kuna kile kialama kidogo chini kabisa, usinionyeshe tena, watu hukitia tiki kwa haraka kama wanavyosaini mikopo, halafu miezi sita baadaye wanalalamika mashine haiwaulizi kitu, inaamua yenyewe. Huyo dawa yake iko kwenye mipangilio, kurudisha maonyo yote. Na wapo waliogusa Tab. Lakini swali ninaloanza nalo halijabadilika, na nimegundua linafaa hata nje ya kompyuta, kwenye pampu ya maji, kwenye simu ya bibi yangu, kwenye duka lililokosa wateja ghafla: ni kitu gani kilikuwepo na sasa hakipo? Watu hukumbuka walichokiongeza. Kilichoondoka, hasa kama walikibeba wenyewe hadi mlangoni, hawakihesabu.

Na swali la pili ni la fundi redio: inalia ukifanya nini? Mimi siku mbili nilikuwa nauliza kwa nini haifanyi kazi, na swali la namna hiyo halina mlango wa kuingilia.

Narudi Ijumaa ile. Kiboksi kimerudi, nimekiweka katikati ya skrini, sitaki kikae tena pembeni. Nimekifunga nianze kuufuta mkono, nimeshachukua brashi. Mzee akafika. Akapiga hodi, nikamkaribisha ndani badala ya kumwacha kwenye benchi, kwa furaha tu ya siku.

“Kamwene, mwanangu.”

“Kamwene, mzee. Shikamoo. Karibu motoni. Leo mashine imepona. Nipe saa moja tu, naufuta huu mkono, halafu naprinti.”

Alikuwa amekaa kigodani, amenyoosha viganja kwenye jiko. Akainua kichwa. “Mkono upi?”

“Huu hapa begani. Si ulisema unamtaka yeye peke yake?”

Akasimama. Alichukua muda kufika mezani, koti likivuta. Akainama mbele ya kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu, akakipangusa kwa kiwiko, akatazama. Skrini ile ya kisogo ilikuwa inamwonyesha mke wake mkubwa kuliko alivyowahi kuonekana kwenye karatasi. Akaweka kidole juu ya ule mkono, akakitembeza kwenye vidole vyake kimoja kimoja, akafika kwenye kifundo, pale mchwa walipoanzia, akasimama hapo.

“Huu usiufute,” akasema. “Huu ni wangu.”

Nikaweka brashi chini. Siku tatu alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwenye meza yangu.

Nikaita kiboksi, kikaja. Kinauliza upana, kinauliza urefu. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kwenda kwenye namba, nikakirudisha.

“Unaitaka ya ukubwa gani, mzee?”

Hakujua inchi wala sentimita. Akafikiri, akageuka akatazama ukutani kwangu kana kwamba ni ukuta wa nyumbani kwake, kisha akainua mikono yake yote miwili, viganja vinatazamana, akaituliza hewani. Nikachukua rula, nikapima nafasi iliyokuwa katikati.